Kabla ya tohara na kung'oa jino, tuulize habari za wajomba

Kuna watoto wa kiume ambao familia zao hugundua kuwa damu yao haigandi siku ile wanapotahiriwa. Jeraha ambalo kwa mtoto mwingine lingekauka baada ya siku chache, kwao huchuruzika usiku kucha. Bandeji inalowa, inabadilishwa, inalowa tena, na kunapokucha mtoto amepauka viganja na ulimi. Wengine hujulikana wanapong'olewa jino. Wengine hujulikana wanapoanza kutambaa, magoti yanapovimba bila kuanguka popote. Na wapo wasiojulikana kabisa. Hao huzikwa, na msibani watu hunong'ona kwamba mtoto alichezewa.

Ugonjwa ninaouzungumzia wiki hii ni hemofilia, yaani ugonjwa wa kurithi unaoifanya damu ichelewe sana kuganda. Si ugonjwa wa kila nyumba, lakini upo. Naandika nikiwalenga zaidi wazazi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay na Chiwanda, kwa sababu huko umbali wa kuifikia tiba ni mkubwa, na saa za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtoto atapona, atalemaa au atakufa.

Hoja yangu ni moja. Tunapiga kelele kuhusu dawa ghali ambazo ziko mbali, nasi tuna haki ya kuzidai. Lakini lipo jambo lisilogharimu hata shilingi moja ambalo hatulifanyi, nalo ni kuuliza swali hili kabla mtoto wa kiume hajaguswa na wembe, koleo au sindano ya msuli: upande wa mama kuna mjomba, babu, au mtoto wa kiume wa mama mkubwa au mama mdogo aliyewahi kutokwa damu isiyokoma?

Damu huganda vipi?

Mshipa unapokatwa, mwili hufanya kazi mbili. Kwanza, chembe ndogo ziitwazo chembe sahani hukimbilia kwenye tundu na kuliziba kwa muda. Pili, protini maalumu zilizomo kwenye damu huamshana moja baada ya nyingine hadi zitengeneze nyuzi zinazoshika zile chembe kama wavu unavyoshika dagaa. Wavu huo ndio unaolifanya donge la damu liwe imara.

Protini hizo huitwa fakta, na kila moja imepewa namba yake. Mwenye hemofilia A ana upungufu wa fakta namba 8, na mwenye hemofilia B ana upungufu wa fakta namba 9. Chembe sahani zake ni nzima, ila wavu haukamiliki. Kwa hiyo mtoto huyu hatokwi damu kwa kasi kuliko wengine, bali hutokwa kwa muda mrefu zaidi. Mara nyingi damu huonekana kukoma, kisha saa kadhaa baadaye au kesho yake inaanza upya.

Ugonjwa una viwango. Mwenye fakta chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida huwa na hemofilia kali, na anaweza kuvuja damu ndani ya viungo bila kuumia. Mwenye asilimia 1 hadi 5 huvuja akiumia kidogo. Mwenye zaidi ya asilimia 5 hadi 40 anaweza kuishi miaka mingi bila kujijua, hadi siku ya upasuaji au ajali.

Kitaalamu inakadiriwa kuwa katika kila wavulana 5,000 wanaozaliwa, takriban mmoja huwa na hemofilia A. Hemofilia B ni adimu zaidi, kama mmoja kati ya 30,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takribani milioni 1.8 katika Mkoa wa Ruvuma. Tukichukua kuwa nusu yao ni wanaume, tungetarajia wenye hemofilia A pekee wawe karibu 180, kama wote wangeishi. Jiulize, ndugu msomaji, unawafahamu wangapi? Wasiojulikana ama wanaumwa wakiitwa majina ya magonjwa mengine, ama wameshafariki.

Kwa nini wajomba?

Kasoro ya hemofilia hukaa kwenye kromosomu X. Mwanamke ana kromosomu X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na kasoro, nyingine humsaidia. Mwanamume ana moja tu. Ikiwa ndiyo yenye kasoro, hana akiba. Ndiyo maana wagonjwa wengi ni wavulana, ilhali ugonjwa hupita kwa mama zao ambao wengi huonekana wazima.

Mama mbebaji, kila anapopata mtoto wa kiume, kuna uwezekano wa nusu kwa nusu mtoto huyo kuwa mgonjwa. Kila anapopata wa kike, kuna uwezekano huohuo binti kuwa mbebaji kama yeye. Baba mwenye hemofilia hawarithishi wanawe wa kiume, lakini mabinti zake wote huwa wabebaji. Fuata mstari huo nawe utaona kwa nini ndugu wa kuwaulizia ni wajomba, babu mzaa mama na watoto wa kiume wa dada zake mama. Shangazi na baba wadogo hawatakupa jibu.

Swali hilo halimnasi kila mtoto. Kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuuona ugonjwa huu, kwa sababu kasoro huanza upya kwa mama au kwa mtoto mwenyewe. Hata hivyo, hao theluthi mbili waliobaki wangeweza kutambuliwa mapema kwa mazungumzo ya dakika mbili na bibi mzaa mama.

Hapa niseme jambo kuhusu akina mama. Ninajua familia zinavyohukumu. Mwanamke akizika mtoto wa pili wa kiume kwa kutokwa damu, maneno huanza: ukoo wao una mkosi, mwanamke huyu ana jambo. Wengine huachwa. Mpenzi msomaji, ugonjwa huu uliwahi kuingia hadi katika majumba ya kifalme ya Ulaya. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mbebaji. Mwanawe Leopold alifariki mwaka 1884 baada ya kuanguka, na kitukuu chake Alexei, mtoto wa mfalme wa mwisho wa Urusi, aliugua tangu utotoni. Mwaka 2009 vipimo vya vinasaba kwenye mifupa ya familia hiyo ya Urusi vilithibitisha kuwa ilikuwa hemofilia B. Ugonjwa uliokaa ikulu na kwenye kasri haukuletwa na jirani mwenye wivu. Mama hakuuchagua kama ambavyo hakuchagua urefu wake.

Safari ya goti moja

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka saba katika kijiji cha mwambao. Ameamka goti limevimba, lina joto na halikunjuki. Hakuanguka. Bibi analichua kwa mafuta ya moto. Kuchua kunaongeza kuvuja ndani ya kiungo, na uvimbe unakua. Siku ya tatu anachanjwa chale au anaumikwa ili "damu mbaya" itoke. Sasa anavuja ndani na nje.

Anapelekwa zahanati. Anapewa sindano ya diklofenaki kwenye msuli wa paja. Dawa hiyo inazifanya chembe sahani zisishikamane vizuri, na tundu la sindano linavuja ndani ya msuli. Paja nalo linavimba. Anapimwa malaria, na kando ya ziwa si ajabu kipimo kikasoma chanya, hivyo kila mtu anaridhika kuwa sababu imepatikana. Akipelekwa mbele anashukiwa seli mundu, au baridi yabisi, au maambukizi ya mfupa. Anapimwa picha kamili ya damu, na majibu yanatoka vizuri kwa sababu kipimo kile huhesabu chembe, wala hakipimi fakta. Mzazi anaambiwa damu ya mtoto haina tatizo.

Katika hatua zote hizo, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alifanya kile anachokifanya kwa goti lolote lililovimba. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza: aliwahi kutokwa damu muda mrefu? Jino lake la kwanza lilipong'oka ilikuwaje? Mjomba wake alikufa kwa nini? Kiungo kilekile kikivuja mara kwa mara, gegedu huliwa, kiungo hukakamaa, na mtoto aliyezaliwa na miguu mizima anamaliza shule ya msingi kwa magongo, kama anaimaliza.

Dalili ambazo mzazi asizipuuze

Kwa mtoto mchanga: kitovu au tundu la kupimia damu kisigino kuendelea kuvuja, uvimbe mkubwa kichwani baada ya kuzaliwa, au uvimbe mgumu pajani baada ya chanjo.

Kwa anayetambaa na kutembea: mabaka ya bluu kifuani, mgongoni na makalioni ambayo hayalingani na michezo yake, mdomo au ulimi aliojing'ata kuvuja kwa siku mbili au tatu, goti, kiwiko au kifundo cha mguu kuvimba ghafla.

Kwa mkubwa: damu puani isiyokoma, mkojo mwekundu, jino linalovuja hadi kesho yake, au maumivu ya kinena yanayomfanya ashindwe kunyoosha paja. Hili la mwisho hufanana na kidole tumbo, na mgonjwa anaweza kupasuliwa bure, tena kwa hatari kubwa.

Na wasichana je? Upo ugonjwa mwingine wa aina hii uitwao von Willebrand, ambao huwapata wanaume na wanawake sawasawa. Binti anayelowesha pedi kila saa, anayetoka hedhi zaidi ya siku saba, au mama ambaye kila uzazi nusura afe kwa kutokwa damu, naye anastahili kupimwa. Wabebaji wa hemofilia pia wanaweza kuwa na fakta pungufu na kuvuja sana wakati wa kujifungua. Mkunga akijua mapema, damu na wataalamu hutayarishwa kabla ya uchungu.

Mtoto akivuja, ufanye nini?

Jeraha la nje lishinikize kwa kitambaa safi, bila kufunuafunua kuangalia, kwa dakika kumi au zaidi. Kiungo kilichovimba kipumzishwe na kuinuliwa. Kikandwe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kama kumi na tano, kisha bandeji ya kubana kiasi. Damu ya puani, mtoto aketi akiinama mbele, ubane pua sehemu laini. Kwa maumivu tumia parasetamo. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki zikae mbali naye.

Mtoto anayeshukiwa asichuliwe, asichanjwe chale, asiumikwe. Asikatwe kimeo wala asitobolewe ufizi kwa kisingizio cha "meno ya plastiki". Mambo haya mawili hayana faida kwa mtoto yeyote, na kwa huyu yanaua. Tohara isubiri hadi apimwe. Chanjo asikose, ila mwambie muuguzi atumie sindano nyembamba na ashinikize mahali hapo dakika kumi. Akiugua malaria kali, omba dawa ipitie kwenye mshipa, si kwenye msuli.

Akigonga kichwa, hata kama anacheka na kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kichwa kuuma, kutapika, kusinzia au kupoteza fahamu ni dharura. Vivyo hivyo uvimbe shingoni na tumbo kuuma sana. Kwa mgonjwa anayejulikana, kanuni ya wataalamu duniani kote ni kumpa fakta kwanza, vipimo vya kichwa vifuate.

Watoto hawa wasifungiwe ndani. Misuli imara hulinda viungo. Kuogelea ni mazoezi mazuri sana kwao, na ziwa lipo, ilimradi awe na mtu mzima na pawe salama. Mpira wa kugongana na mieleka waachie wengine.

Tiba ipo, lakini iko mbali

Tiba halisi ni kuirudisha fakta inayokosekana kwa sindano ya mshipa. Fakta namba 8 hubaki mwilini muda mfupi, nusu yake huisha ndani ya saa 8 hadi 12, ndiyo maana anayejikinga huchomwa mara mbili au tatu kwa wiki. Siku hizi kuna dawa nyingine kwa hemofilia A, emisizumabu, inayochomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki au hata kwa mwezi. Kwa tiba ya uhakika, mtoto mwenye hemofilia anaweza kusoma, kufanya kazi, kuoa na kuzeeka.

Pale ambapo fakta haipo, utegili wa damu uliogandishwa kwa baridi mapema baada ya kutolewa husaidia, kwa kuwa una fakta zote ndani yake. Damu nzima iliyokaa kwenye jokofu kwa siku kadhaa hurudisha wingi wa damu lakini fakta 8 yake imeshapungua sana. Ndiyo sababu wazazi husema, "ameongezewa chupa tatu na bado anavuja." Vidonge vya asidi ya traneksamiki navyo husaidia damu ya mdomoni, puani na hedhi nyingi.

Nchini mwetu, kliniki kubwa ya ugonjwa huu iko Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Chama cha Hemofilia Tanzania kimefanya kazi ya kuwaunganisha wagonjwa na kuwatetea. Sehemu kubwa ya fakta inayotumika hutoka kwa wahisani kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani. Tunawashukuru. Lakini msaada si mpango wa afya wa nchi. Kutoka Mbamba Bay hadi Songea ni zaidi ya kilomita 160. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 900. Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay imepunguza adha, ila haijalileta Muhimbili karibu. Damu inayovuja ndani ya kichwa haisubiri basi la alfajiri.

Najua litakaloulizwa: malaria, uzazi na utapiamlo vinaua wengi, kwa nini tuhangaike na wagonjwa wachache? Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba mengi ninayoyaomba hayahitaji fedha nyingi. Swali la wajomba liulizwe kliniki ya wajawazito na kabla ya kila tohara. Kipimo cha muda wa damu kuganda kipatikane wakati wote hospitali ya mkoa Songea, na sampuli ziende kanda au Muhimbili kupimwa fakta. Hospitali kama Litembo, Liuli na Peramiho zijue nani ni mgonjwa katika eneo lao, na kila mgonjwa awe na kadi inayotaja aina ya ugonjwa, kiwango na dawa za kuepukwa. Akiba ndogo ya fakta iwekwe Songea. Huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, sawa na chanjo nyingi za watoto. Ikiwa tumeweza kuzifikisha chanjo kwenye zahanati za mwambao, hatuwezi kusema fakta haifiki makao makuu ya mkoa.

Kubwa zaidi, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima isiyomjua mgonjwa wa kudumu mwenye dawa ghali itakuwa ya wazima. Fakta iwemo kwenye vitita vyake, taratibu, kwa kuanza na watoto.

Wakati tunayasubiri hayo, mzazi unaweza kuanza leo. Kabla ya tohara au kung'oa jino la mwanao, mpigie simu bibi yake mzaa mama. Uliza alizaa wavulana wangapi, wangapi walikua, na waliofariki walifariki vipi. Uliza pia kuhusu dada zake. Ukisikia habari ya damu isiyokoma, ahirisha, mweleze daktari kwa maneno hayohayo, na omba rufaa ya kupimwa kuganda kwa damu. Ukiambiwa picha ya damu ni nzuri, sema kwa heshima kuwa kipimo unachokiomba ni kingine. Na kama mtoto tayari amegundulika, wapimeni ndugu zake wa kiume, dada zake na mama zake wadogo, maana ukoo ukishajulikana, mtoto atakayefuata hapaswi kugunduliwa kwa wembe.